Mwili wa Upepo

Evarista Mgaya anafuma masweta ya shule pale Mafinga, kwa mashine ya mkono iliyoko barazani kwake, na kazi hiyo imemfundisha jambo ambalo wazazi wengi hawapendi kulisikia: watoto wa darasa moja, umri mmoja, hawalingani vifua. Huyu ana mabega, yule mikono imemzidi, mwingine kitambi kimemtangulia shuleni. Mzazi akija akasema, "Nipe la miaka minane," Evarista humjibu kwamba miaka haivai sweta, mlete mtoto. Na ukimletea mtoto atampima amesimama, kisha atampima amejikunyata, maana anajua kwamba kwa baridi ya kule hakuna mtoto anayekwenda shule akiwa amenyooka.

Kwa hiyo alipoelezwa mara ya kwanza kwamba kila mwili una chakula chake, hakubisha hata kidogo. Alishangaa tu kwamba jambo alilolijua siku zote kwenye uzi na sindano hakuwahi kulifikisha jikoni.

Aliyemweleza ni Siwema, mwanamke mwenye duka la viungo Iringa mjini. Wazee wake Siwema walitoka Pangani, na mama yake alipika miaka mingi katika nyumba ya Wahindi waliokuwa wakifanya biashara hapo mjini. Ni katika jiko lile ndipo Siwema alipookota, kidogo kidogo, elimu yao iitwayo Ayurveda, inayosema kwamba watu wote wameumbwa kwa vitu vilevile ila kwa mizani tofauti, na kwamba chakula kinachomnawirisha mmoja chaweza kumkalia mwenzake tumboni kutwa nzima. Evarista aliingia dukani kununua iliki ya chai. Alitoka na iliki, na mdalasini, na akiwa ameshaingizwa kwenye kundi la Wasapu linaloitwa Jijue Ule.

Miili ni mitatu. Wahindi wana majina yao, vata, pita na kafa, na mwanzoni Siwema aliyatumia hayo hayo. Lakini siku moja alimwambia mteja mmoja kutoka Kilolo, "Mumeo, kwa unavyonieleza, ni kafa," na yule mama akaketi sakafuni palepale dukani akaanza kulia, akiuliza kafa saa ngapi na nani aliyekupigia simu. Tangu siku hiyo Siwema akaona heri atumie Kiswahili. Vata akaiita mwili wa upepo, pita mwili wa moto, na kafa, ili asimuue mume wa mtu tena, akaiita mwili wa maji. Akadhani amemaliza tatizo.

Evarista alianza kwa kujipima mwenyewe, akajikuta ni mtu wa moto. Njaa humshika kwa saa. Ikifika saa saba hajala, hata mlio wa mashine yake mwenyewe unamkera. Mvi zimemwahi. Na ulimi wake, tuseme kweli, wauza uzi wote wa sokoni wanauogopa. Mumewe Rabson, anayefanya kazi kiwanda cha karatasi Mgololo na kuja nyumbani mwisho wa wiki akipata nafasi, akawa wa maji: mpana, mpole, mzito kuamka, mtu anayenenepa kwa harufu ya vitumbua. Binti yao Blessing alionekana amechukua moto wa mama yake. Kwa muda ikawa mchezo wa kupendeza. Rabson alipunguziwa mafuta nyumbani, akalalamika kwa upole, akaendelea kula maandazi yake Mgololo, na hakuna aliyeumia.

Kisha akaja Bibi Tekla.

Bibi Tekla ni mama yake Rabson, mama wa Kihehe aliyekuwa akiishi kijijini, upande wa pili wa msitu wa mipaini. Mumewe alifariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikula kama wanavyokula wajane wengi, kiazi kimoja cha kuchoma jioni na chai ya rangi asubuhi, maana nani atateleka sufuria motoni kwa ajili ya mdomo mmoja. Mwishoni mwa masika Rabson alikwenda kumwona, akamkuta amebaki mifupa na maneno. Akamleta Mafinga siku ileile, akamshusha mlangoni, akamwambia mkewe, "Nimekuletea mama. Mlishe."

Evarista alimpima sweta. Lililomtosha lilikuwa la mtoto wa darasa la saba, mikono tu ndiyo iliyopelea kidogo, na alipoliona hilo aliumia sana. Mama yake mwenyewe alimfia mbali, kule Makambako, akilishwa na mikono ya watu wengine, na tangu siku hiyo alijiwekea nadhiri kwamba akipewa mama mwingine, huyu hatamponyoka. Ndiyo maana hakumwachia Rabson wala mtu mwingine kazi hiyo. Aliifanya kwa bidii yote ya mtu wa moto, na hapo ndipo lilipoanzia kosa lake.

Alimtumia Siwema maelezo: ngozi kavu, mikono baridi, magoti yanayolia akiinuka, usingizi mwepesi, mazungumzo ya haraka yanayokata kona. Siwema hakuhitaji kufikiri. Alisema huyo ni upepo mtupu, tena umepanda.

Jumapili hiyo, wote wakiwa sebuleni baada ya ibada, Evarista alitangaza habari yake kwa furaha. Alikuwa amesimama, mkono kiunoni, kama anavyosimama akiwa na hakika na kitu.

"Baba Blessing, tatizo la mama nimeshalijua. Mama ana mwili wa upepo. Kuanzia leo nitamhudumia kivyake, na huo upepo tutautoa."

Rabson alisema, "Vizuri." Bibi Tekla aliangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia upande wa pili.

"Ahaa," alisema. "Sawa, mwanangu. Wewe una macho, umeona."

Kumlisha mtu wa upepo ni kumpa vitu vya moto na laini, vyenye mafuta na utamu wa asili, na kumwepusha na vikavu, vibaridi, na vyote vinavyojaza tumbo. Kwa hiyo Evarista alikataza kande. Akakataza maharage, kabichi, bisi na mahindi ya kuchoma, na mwisho, kwa masikitiko, akakataza viazi mviringo. Sasa ukimwondolea mtu wa Mufindi viazi, maharage na mahindi, tafadhali niambie umembakizia nini. Umembakizia upepo wenyewe. Lakini Evarista hakuwa mchoyo, na mahali pa vile alivyoondoa aliweka vingine: wali uliopikwa mpaka ukalainika, samli, boga, ndizi mbivu, uji wa tangawizi, maziwa ya moto yenye mdalasini. Vilikuwa vyakula vizuri, vya mtu anayependwa.

Na kwa kuwa vilikuwa vya mtu mmoja, alivitafutia vyombo. Alinunua bakuli la bati lenye mfuniko, ili wali usipoe, na kikombe cha bati cha rangi ya bluu, na akaviweka juu ya meza ndogo karibu na jiko la mkaa, mahali pa joto kuliko pote ndani ya nyumba. Yeye na Blessing waliendelea kukaa mkekani na sinia lao katikati, kama walivyozoea, kama wanavyokula akina mama na watoto katika nyumba nyingi za kule. Kila akiinua macho aliweza kumwona mama mkwe wake pale juu kwenye kiti, amefunikwa kitenge magotini, na bakuli lake mbele yake. Evarista aliona amempa heshima.

Bibi Tekla alikuwa akifunua mfuniko, anatazama, anasema asante mwanangu, anakula vijiko vitatu vinne, kisha anafunika.

"Nimeshiba."

"Mama, umekula nini hapo?"

"Nimeshiba. Chakula iko nzuri."

Evarista akaongeza samli. Vijiko vikapungua. Akabadilisha mchele, akaagiza wa Kyela kwa mtu anayekwenda Mbeya, wali ukanukia nyumba nzima mpaka majirani wakauliza kuna sherehe gani. Bibi Tekla akausifu, akaufunika. Kisha akaanza kuosha vyombo vyake mwenyewe. Alivitoa nje, akavisugua kwa majivu, akavianika mwisho kabisa wa kichanja, mbali na vya wenzake. Evarista alimwambia aache, yeye akasema hapana, hii ni kazi yangu, na Evarista akachukulia ni adabu ya wazee wasiotaka kuwa mzigo. Siku nyingine Blessing, aliyekuwa ameona yale maziwa ya mdalasini na kuyatamani, alinyoosha mkono kwenye kikombe cha bluu. Bibi yake alikinyakua kwa kasi ambayo hakuna aliyejua bado anayo.

"Usiguse. Hii ni ya kwangu peke yangu."

Mtoto alinuna. Evarista aliona aibu kidogo kwa niaba ya mama mkwe, akajisemea kwamba uzee nao una choyo chake. Hata leo ukimkumbusha neno hilo anainamisha kichwa.

Sweta la darasa la saba likaanza kulegea. Evarista alimrekodia Siwema ujumbe wa sauti, akisema amefanya yote na mama anazidi kupungua. Siwema alijibu kwa ujumbe mrefu, kwa sababu Siwema akifungua kinywa haongei, anahutubia. Evarista aliusikiliza huku anafuma. Alisikia habari za ufuta, habari za kumpaka mafuta ya moto miguuni, habari za supu ya kuku, na aliporidhika kwamba amepata la kufanya, akaukatiza ujumbe katikati na kwenda kutafuta kuku.

Siku iliyofuata Rabson alipiga simu kutoka Mgololo.

"Mama amenipigia kwa simu ya jirani," alisema. "Anataka arudi kijijini. Anasema akafie kwao."

Evarista alisimamisha mashine.

"Umemkosea nini, mama Blessing?"

Aliuliza kwa upole, na upole huo ulimchoma kuliko kama angegomba. Angegomba, angemjibu. Sasa hata mwenyewe hakujua amekosea nini. Rabson alisema ameshaongea na mtu mwenye pikapu, atakuja nayo Jumamosi, kwa sababu mama yake akishasema neno kama hilo hakuna wa kumzuia. Ilikuwa Juni. Kijiji kile kikiamka mwezi huo majani ya viazi huwa meupe kwa barafu, na nyumba ya Bibi Tekla haikuwa na mtu wa kuwasha moto zaidi yake mwenyewe. Evarista alijua, na Rabson alijua, kwamba akirudi kule katika hali ile, safari yao ya pili itakuwa ya mazishi.

Ijumaa mchana alipeleka masweta shuleni. Aliporudi alisikia nyimbo kabla hajafika nyumbani, nyimbo za kanisani kwa Kihehe, za polepole, za kuombea wagonjwa. Aliingia bila kuvua viatu.

Sebuleni alikuwako mwinjilisti Jailos wa usharika wao, na akina mama wawili wa umoja wa wanawake. Bibi Tekla alikuwa katikati yao, amepiga magoti mkekani, kichwa kimefunikwa kitambaa cheupe, na mkono wa mwinjilisti ulikuwa juu ya kitambaa.

"Kamwene, mama Blessing," alisema Jailos, akaondoa mkono taratibu. "Samahani, tumeingia wewe haupo. Bibi ndiye ametuita. Tulikuwa tunamuuliza huu upepo ulimwingia lini, maana yeye hajui."

"Upepo gani?"

"Huu alionao."

"Nani amesema mama ana pepo?"

Akina mama wale wawili waliangaliana. Bibi Tekla aligeuka pale alipopiga magoti, akamtazama mkwe wake bila hasira yoyote.

"Si wewe? Ulisema mbele ya Labsoni, mama ana mwili ya upepo. Ukasema tutautoa. Nikangoja, nikaona huleti watu wa maombi, nikasema labda mkwe wangu anaogopa aibu. Nikawaita mwenyewe, ili nikiondoka nisikuachie hiyo kitu ndani ya nyumba."

Evarista alikaa chini. Alikumbuka Jumapili ile, mkono kiunoni, na kila neno alilolitamka. Kijijini kwa Bibi Tekla mtu hupigwa na upepo mbaya akapooza upande. Mtu huwa na upepo akaongea kwa sauti isiyo yake. Hajawahi kuwako mtu wa kule aliyeambiwa ana mwili wa upepo kwa maana ya kwamba aongezewe samli.

Alieleza. Alieleza vibaya, kwa haraka, akirudi nyuma kila mara: Wahindi, miili mitatu, upepo kwa maana ya ukavu na baridi, moto kwa maana yake mwenyewe, maji kwa maana ya Rabson. Mwinjilisti Jailos alisikiliza kwa makini, kitabu chake cha nyimbo kimefungwa magotini. Kisha alikohoa.

"Hata mimi pale zahanati niliambiwa tumbo langu limejaa upepo," alisema. "Wakanipa vidonge. Hawakunipa sala."

Mmoja wa wale akina mama alianza kucheka kwa kujizuia, na mwenzake akashindwa kabisa kujizuia. Muda si muda wote wakawa wanauliza wao ni wa nini. Mwinjilisti alitaka kujua kama mtu anayesinzia katikati ya kikao cha wazee wa kanisa ni wa maji. Evarista alichemsha chai, akachekacheka nao. Aliona limekwisha. Neno moja lilikuwa limekosewa, sasa limenyooshwa, na kesho Rabson akija atakuta mama yake anataka kubaki.

Lakini Bibi Tekla hakuwa amecheka. Wageni walipoaga alikuwa bado mkekani, amekivua kitambaa cheupe na kukikunja mara nyingi, mpaka kikawa kidogo kama mkate wa chai.

"Haya," alisema. "Upepo si pepo. Nimesikia. Na kikombe?"

"Kikombe gani, mama?"

"Ile ya bluu. Na bakuli."

"Vile ni vya..." Evarista alianza. Hakujua vile ni vya nini.

"Wewe hukumkuta Lusia," alisema Bibi Tekla.

Evarista alilijua jina. Lusia alikuwa dada yake Rabson, aliyefariki kabla Evarista hajaolewa, na katika nyumba ile alitajwa mara chache na kwa kifupi.

"Aliolewa mbali kidogo na sisi. Akaumwa ile ugonjwa, ile ya miaka ile, wakati watu hawajajua dawa. Siku moja nikaenda kumwona bila kusema. Nikakuta vyombo vimeanikwa. Vya wenzake vimekaa pamoja. Halafu mwisho kule kuna kikombe moja na sahani moja, peke yake. Hakuna mtu aliniambia neno. Nikajua ni vya mwanangu."

Alikiweka kitambaa chini.

"Nikambeba nikamrudisha kwetu. Nikala naye sahani moja mpaka siku ya mwisho. Nikinywa, anakunywa hapohapo nilipoweka mdomo. Majirani wakaniambia, Tekla, utakufa. Sijafa. Mpaka leo sijafa. Sasa nimezeeka, nimeletwa kwa mkwe wangu mzuri, mkwe ananipikia wali, samli, kuku, vitu ya mgonjwa ambaye anaagwa. Ananiweka juu ya kiti. Wenzangu wako chini wanakula pamoja. Nikasema, aha, wameniona nina kitu. Basi nikioshe mwenyewe, mtoto asishike."

Evarista alilia. Hakujaribu kujitetea, na kwa mtu mwenye ulimi ule hilo peke yake ni jambo la kusimulia. Alilia kwa ajili ya mwanamke ambaye hakumjua, na kwa ajili ya yule bibi aliyekuwa anavianika vyombo vyake mwisho wa kichanja kila siku mbele ya macho yake, akivianika pale Lusia alipoanikiwa, na yeye akaiita adabu. Bibi Tekla alimwacha alie. Hakumbembeleza. Baadaye aliinuka, magoti yakalia, akaenda chumbani kuendelea kufunga mzigo wake, kwa sababu alikuwa amekwisha kumwambia mwanawe Jumamosi.

Jioni hiyo Evarista alimpigia Siwema. Alitaka kumlaumu, na alianza vizuri.

"Bi Evarista, mwanangu," Siwema alimkatiza, "ujumbe wangu uliusikiliza mpaka mwisho?"

Evarista alikumbuka alivyoukatiza akaenda kutafuta kuku.

"Kule mwisho nilikwambia mtu wa upepo usimwache ale peke yake. Anaingia mawazo, na mawazo yakiingia chakula hakishuki. Mimi nilikwambia umpikie kwa namna yake. Kumtenga nani alikwambia? Nyumba ile ya Wahindi mama alikokuwa akipika, walikuwamo upepo na moto na maji wote, na wakikaa kula walikaa pamoja."

"Nilidhani chakula tofauti, chombo tofauti."

"Moto wako ndio uliodhani."

Evarista alikubali. Aliuliza swali moja tu la mwisho, kuhusu kande, akasikiliza jibu mpaka neno la mwisho, hata la kuagana.

Jumamosi alikuwa na kazi tangu alfajiri. Mahindi ya kukoboa na maharage alikuwa ameyaloweka tangu jioni, maana ndivyo Siwema alivyosema: yaloweke sana, yachemshe sana, weka tangawizi ya kutosha, malizia na samli, hapo hata upepo hauna neno nayo. Aliyachemsha mpaka punje zikapasuka na maharage yakawa yanavunjika kwa ulimi. Samli aliyokuwa akimwekea mtu mmoja aliimimina kwenye sufuria ya wote. Alikata maparachichi. Meza ndogo aliitoa karibu na jiko, akaipeleka barazani, akaweka juu yake uzi wa masweta.

Rabson alifika adhuhuri na pikapu. Dereva alibaki nje akigeuza gari, akisema wasikawie, ana mzigo mwingine wa kuchukua. Mzigo wa Bibi Tekla ulikuwa umeshafungwa, uko mlangoni, na mwenyewe alikuwa ameketi kando yake, sweta limefungwa vifungo vyote.

"Mama, tule kwanza," alisema Evarista.

Alitandika mkeka, akaweka sinia moja katikati, kande imejaa, inafuka moshi, na vijiko vinne pembeni. Rabson, aliyezoea kuandaliwa mezani kama wanaume wengine, alitazama, akataka kuuliza, akaona uso wa mkewe akavua viatu akakaa. Blessing akakaa. Bibi Tekla alichelewa kidogo. Aliangalia sinia, akahesabu vijiko kwa macho, kisha akashuka mkekani, mkono mmoja ukishika bega la mwanawe.

Evarista alileta togwa. Aliileta ndani ya kikombe cha bluu. Hapakuwa na kikombe kingine pale mkekani. Alisimama nacho mbele yao, akanywa kwanza yeye, kama anavyotakiwa kunywa mwenye nyumba ili mgeni ajue hakuna ubaya ndani, na akanywa vizuri, mafunda makubwa, wala hakugusisha mdomo tu. Kisha akampa mama mkwe wake kwa mikono miwili.

Bibi Tekla alikishika. Alikigeuza mpaka akapata mahali palipoloweshwa na mdomo wa mkwe wake, akanywea hapohapo. Akampa Blessing. Blessing alimtazama mama yake, halafu bibi yake, akanywa. Akampa baba yake.

Walikula bila maneno mengi. Rabson alikula kama mtu wa maji, taratibu na bila dalili ya kuacha. Bibi Tekla hakula kwa pupa, lakini kijiko chake kilikwenda na kurudi, kikachimba upande wake wa sinia mpaka bati likaonekana, halafu kikaanza kuingia upande wa Blessing, na mtoto akamsogezea bibi yake maharage yaliyonona. Evarista alikuwa amesahau kula. Alikuwa anakitazama kile kijiko.

Nje dereva alipiga honi.

"Mama," alisema Rabson, "gari."

Bibi Tekla alichukua kipande kikubwa cha parachichi kwa kijiko chake, akakisukuma polepole katikati ya sinia, akakivusha mpaka upande wa mkwe wake, akakiacha pale mbele yake.

"Kula hii," alisema. "Ina ubaridi. Wewe ni wa moto."

Kisha akarudisha kijiko kwenye kande, akamgeukia mwanawe.

"Mwambie dereva aende. Mimi bado nakula."